Trekta limeingia shambani, tajiri anataka kutulipa kwa mti badala ya ekari. Tukubali?

MamaPalizi
Habari za jioni wadau. Mimi nachukua palizi za mikorosho huku Nachingwea, mwaka wa saba sasa. Tuko 11, wanawake 7, na nyapara ni mimi: napatana bei na mwenye shamba, nagawa vipande, nalipa watu. Tajiri wetu ana ekari 60. Bei ilikuwa 45,000 kwa ekari, tunasafisha yote.

Mwaka huu kakodi trekta la haro, zile sahani za chuma za kukatakata magugu. Limepita katikati ya mistari, siku chache tu limemaliza. Sisi tumeachiwa chini ya miti, kwenye matawi ambako halipenyi. Anasema 500 kwa mti. Vijana wanataka tugome, kina mama wanasema jero ni jero, nyumbani watoto wanataka kula. Nikikataa atachukua watu kijiji cha pili. Nishaurini, ila msimtukane. Nilipofiwa na mama yangu alikuja na gunia la mchele.

Njomba_wa_Newala
Dada, usigome kwanza. Chukua kamba ukapime.

Kama shamba limepandwa kwa vipimo vya Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho, mita 12 kwa 12, ekari inabeba miti 28 hivi. 28 mara 500 ni 14,000. Kutoka 45,000, yaani kama 1,600 kwa mti, umeshuka hadi chini ya theluthi. Sasa swali: kazi nayo imeshuka hadi theluthi? Kila mti una eneo lake la mita za mraba 144. Kivuli kikiwa na upana wa mita 8, chini yake ni mita za mraba 50, yaani kama theluthi ya eneo. Hapo 500 inakaribia haki, ingawa 560 ndiyo sawa. Lakini mikorosho mikubwa yenye kivuli cha mita 10, chini yake ni mita za mraba 78, zaidi ya nusu! Hapo mti mmoja ni karibu 870. Na hiyo nusu ndiyo ya kuinama, siafu na matawi ya kukuchoma macho. Trekta limekula nusu tamu.

Kijana_wa_Masasi
Sheria ya kima cha chini si ipo? Mpelekeni ofisi ya kazi.

Njomba_wa_Newala
Ipo. Amri iliyoanza Januari 2023 iliweka 140,000 kwa mwezi kwa kilimo. Ukigawa kwa siku 26, ilikuwa haifiki hata 5,500 kwa siku. Kibarua wa palizi anayejua kazi alikuwa anapita hapo. Kwa kipande utapona kwa hesabu yako mwenyewe.

Babu_Mstaafu
Mnanikumbusha hadithi za marehemu baba. Waingereza walileta matrekta hapo hapo Nachingwea kulima karanga, mpango ulianza 1947, wakajenga na reli hadi bandari ya Mtwara. Mashine zikaharibika, vipuri shida, 1951 wakaacha. Reli yenyewe ikang'olewa. Jembe la baba lilibaki nyuma ya mlango.

Kijana_wa_Masasi
Babu, hili la kukodi halitaondoka. Likiharibika anakodi jingine.

Ufuta_Ruangwa
Niseme upande wa mwenye shamba, maana nami nakodi trekta. Nililima ufuta ekari 4 kwa jembe la mkono, sasa 15. Kulima kumekuwa rahisi, lakini kupalilia, kukata na kusimamisha miganda ni mikono. Nahitaji watu wengi kuliko zamani, ila kwa wiki chache na wote kwa mpigo. Hapo vibarua ndio wanaopanga bei, na mimi nanyamaza.

Kwa hiyo dada, muulize tajiri wako kama anafungua shamba jipya. Korosho hazijiokoti. Akikuhitaji Oktoba, mpatane leo: palizi ya chini ya miti na kuokota ziende pamoja, bei zote mbili ziandikwe kwenye daftari, asaini. Halafu mwambie dereva asisogeze haro karibu na shina, mizizi ya mkorosho inatambaa juu juu. Hasara hiyo ataiona mwenyewe kwenye mavuno.

Bi_Salfa
Nasoma tu, nikaona wanawake 7. Salfa, dawa ya unga ya mikorosho, ilipoanza kupulizwa kwa mashine, waliofundishwa kuibeba ni wanaume, nao wakalipwa vizuri. Sisi tukabaki na jembe. Mimi nilijifunza kwa kaka yangu, miaka mitatu sasa napuliza na palizi nimewaachia wengine. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hausubiri, ukijua kazi utatafutwa wewe. Weka wawili wako wajifunze kabla ya Mei. Barakoa na miwani wadai kwa mwenye shamba, salfa ikiingia machoni utalia usiku kucha.

MamaPalizi
Asanteni. Leo nimeenda na kamba, nimepima miti 20. Mitano ndiyo ina mita 8, iliyobaki ni 9 hadi 11. Nimemwonyesha tajiri daftari, akacheka, akasema kamba yangu fupi. Kesho asubuhi anakuja na ya kwake. Nimemtajia 800 na kuokota msimu mzima, la kuokota kalikubali palepale, la 800 kakaa kimya.

Bi Salfa, hiyo mashine ikijaa ina uzito gani? Mmoja wa hao wawili ana mtoto mgongoni.

Bi_Salfa
Nzito. Huyo mwenye mtoto mwache kwanza, nipe mwingine.