Ukumbi na madarasa kwenye ploti ya 50 kwa 100: ukuta wa kioo uelekee magharibi?

MwalimuCherehani
Hamjambo wadau. Nafunza ushonaji kwenye chuo kidogo cha ufundi hapa Kayole, Nairobi. Kamati imepata ploti ya futi 50 kwa 100, tunataka madarasa pamoja na ukumbi ambao watu wa mtaa watakodi kwa harusi, vyama na mikutano ya matanga. Mchoro tulioletewa unavutia kweli, upande wa barabara ni kioo kuanzia chini hadi juu. Ila barabara iko magharibi. Nikauliza jua la alasiri litakuwaje, nikajibiwa tutatia mapazia. Wanafunzi wangu hushona hadi saa kumi na moja jioni. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, jua likupige usoni, huoni sindano inakopita. Na kitambaa kikikaa hapo dirishani kinapauka. Mwenyekiti anasema bila kioo tutaonekana shule ya msingi. Nawasumbua bure?

FundiSlabu
Mwalimu, waulize pia nani atakipanda kuosha hicho kioo. Vumbi la Kayole unalijua.

MsanifuBuru
Huwasumbui hata kidogo, mwalimu. Kuchora vyuo na kumbi za makanisa ndiyo kazi yangu, na mapazia hayo nayasikia kila mara. Jua likishavuka kioo, joto limeshaingia. Pazia linakukinga na mwanga tu, joto mnabaki nalo.

Nairobi iko kama nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu na utosi, Juni linaegemea kaskazini kidogo, Desemba kusini. Kwa hivyo dirisha la kaskazini au kusini lenye kimo cha mita moja na nusu, ukilitokezea slabu ya sentimita 70 juu yake, halipigwi na jua la adhuhuri mwaka mzima. Magharibi hesabu hiyo haifanyi kazi. Saa kumi jua limeshuka, linapita chini ya slabu na kuingia hadi ubaoni.

Kama futi 50 ndizo zinazotazama barabara, mna bahati. Kuta ndefu zitatazama kaskazini na kusini, madarasa yapate madirisha huko, pande zote mbili ili hewa ipite. Ukumbi uwe mbele, karibu na barabara, wa chini tu na paa lake. Msiupachike chini ya madarasa kuokoa pesa: ukumbi unataka nafasi pana, madarasa ya juu yanataka nguzo, halafu siku ya harusi nguzo inasimama kati ya bibi harusi na wageni. (Nimekaa nyuma ya nguzo hiyo. Keki sikuiona.) Paa la mabati lipigiwe dari, la sivyo mvua ya Aprili ikianza mkutano umeisha. Upande wa magharibi wekeni baraza lenye kina cha mita tatu, na mbele yake matofali ya matundu. Mwenyekiti atapata sura ya kuonyesha barabarani, na watu watapata pa kungojea.

Vyoo vya ukumbi vifikiwe bila kupita madarasani, na ukumbi uwe na lango lake. Nenda Kaloleni ukaone: mtaa wa miaka ya 1940, ukumbi na maktaba viko hapo watu wanapopita, si nyuma ya geti la mtu. Na kamati ikisema jengo la kisasa lazima liwe la kioo, wapeleke Lang'ata, kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Hewa ya ukumbi uliomo kwenye jengo hilo hupitishwa kwanza kwenye mawe yaliyolazwa chini, ikapoa, ndipo ikaingia.

NatembeaKwaMagurudumu
Msanifu umesema vizuri, ila hata wewe rampu, ile njia ya mteremko ya kupandia kiti cha magurudumu, umeiruka. Kipimo ni sentimita moja ya kupanda kwa kila 12 za kwenda. Sakafu mkiinua sentimita 45 kukwepa maji, mnahitaji mita 5.4. Mita hizo zitengwe sasa kwenye mchoro; zikingoja mwisho mtanijengea mlima. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilishadai haya tangu 2003. Jukwaa pia, tafadhali. Nimechoka kuitwa nitoe neno halafu naletewa maikrofoni chini.

MwalimuCherehani
Asanteni sana, na dada/kaka wa rampu, nimeiandika. Ndiyo, futi 50 ndizo za barabarani. Mwenyekiti ameanza kulegea aliposikia matofali ya matundu ni nafuu. Shida ni jirani wa kaskazini, ameshapandisha ghorofa nne hadi mpakani. Madirisha ya huko yatatazama nini?

MsanifuBuru
Yatatazama ukuta wake. Basi korido ya madarasa ipite upande huo, iwe wazi, mwache nafasi bila paa kati yake na mpaka ili mwanga ushuke. Madirisha makubwa yawe kusini, na meza za cherehani zipangwe huko. Ila jirani wa kusini naye atajenga siku moja, kwa hivyo huko pia rudini ndani ya mpaka wenu. Kabla ya kulipa awamu nyingine, mdai mchoraji wenu mchoro wa mkato (jengo lichorwe kana kwamba limekatwa wima) unaoonyesha ghorofa za jirani kwa urefu wake halisi. Akisita kuuchora, nitumie ule wa kwanza niutazame.