Naomba ushauri: wateja wa kitimoto wamekimbia kwa hofu ya mafua ya nguruwe

Habari zenu wakuu. Dada yangu anauza kitimoto hapa Dar, na tangu Shirika la Afya Duniani litangaze janga tarehe 11 Juni mwaka huu wa 2009, jiko limepoa. Redioni ni "mafua ya nguruwe" kutwa nzima, lakini sijamsikia mtangazaji akieleza kuwa virusi hivi vya H1N1 vinaenea mtu kwa mtu, kwa kukohoa na kupiga chafya, na kwamba nyama iliyoiva vizuri haiambukizi. Inaniuma sana. Tena Misri walishaamuru nguruwe wote wachinjwe tangu mwishoni mwa Aprili, basi sasa wateja wameisha kabisa. Kodi ya fremu inamsubiri. Avumilie, abandike tangazo, au ahamie kwenye kuku kwa muda? Mliouza kuku wakati wa hofu ya mafua ya ndege, mlifanyaje?