Mkutano wa nyumba ya etaje (ghorofa) nane Himbi, Goma: saini ya kuhudhuria ndiyo kukubali?

MshonajiWaHimbi
Majirani na ndugu wote mnaosoma hapa, naomba msaada kabla ya Jumamosi.

Parseli (kiwanja) iliyo ukuta kwa ukuta na yangu imeuzwa, na aliyeinunua anataka kusimamisha nyumba ya etaje nane. Wiki mbili zilizopita shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa wetu, alituita mkutanoni, tukawa kama watu arobaini chini ya turubai. Ingenyeri akatandika mezani picha kubwa ya rangi: jumba la vioo, magari, miti. Nikaitafuta nyumba yangu kwenye ile picha. Pale ilipo walikuwa wamechora majani.

Tuliuliza maji machafu ya familia zote hizo yataenda wapi, hatukujibiwa. Mwishoni daftari likapita mkono kwa mkono, uandike jina na saini upewe franka elfu tano za usafiri. Nami nikasaini. Juzi shefu ananiambia daftari lile limepelekwa kuombea kibali, kwamba majirani wamekubali. Usiku ule sikupata usingizi.

Mimi ni mjane. Nyumba yangu ni ya mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano. Marehemu mume wangu aliijenga baada ya lava ya Januari 2002 kula ile ya kwanza, kule karibu na katikati ya mji. Mei 2021 volkano ilipolipuka tena tukakimbilia mji wa Sake, na tuliporudi tukakuta matetemeko yamepasua msingi kwenye kona ya chumba cha watoto. Ufa ule unaingia kidole changu cha mwisho. Tanki yangu ya mvua iko mita mbili kutoka ukuta wao, na ndiyo maji tunayopikia. Wakianza kuvunja mwamba kwa kompresa, itabaki?

Saini yangu ina maana gani? Na Jumamosi niseme nini? Nisipoenda, watasema hakuna aliyepinga. Nikienda, watanisainisha tena.

FundiMawe_Ndosho
Pole sana mama. Nimejenga misingi mingi hapa Goma, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Leo hii, usingoje Jumamosi, chukua plasta, paka kipande chembamba kama kiganja juu ya ule ufa, pande zote mbili zishikwe. Ikikauka uandike tarehe juu yake kwa kalamu, kisha piga picha ukiwa umeweka rula pembeni. Ufa ukisogea hata kidogo, plasta itakatika. Fanya hivyo kwenye kila ufa, na chini ya tanki pia. Bila hiyo watakuambia nyufa zote ni za 2021.

Halafu uliza kama wamepima ardhi. Lava yetu juu ni ngumu mpaka nyundo inaruka, lakini chini kunaweza kuwa na uwazi, hata mapango. Kuangalia kwa macho hakutoshi kwa nyumba ya uzito ule. Lazima watoboe, waone kilichomo.

Avoka_Bukavu
Shikamoo mama. Saini ya kuhudhuria inaonyesha ulikuwepo, basi. Lakini nenda ukaone juu ya ile karatasi kuliandikwa nini, na kama maneno yaliongezwa baadaye. Omba nakala kwa barua.

Barua iwe na nakala mbili, yako igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa. Andikeni: tulihudhuria, hatukukubali, maswali yetu ni haya. Jumamosi, wakileta daftari, kando ya jina lako andika kwa mkono wako «nimehudhuria tu».

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu mazingira inataka mradi unaoweza kuathiri mazingira ufanyiwe kwanza utafiti wa athari, na wananchi waulizwe rasmi. Waombe huo utafiti. Na nyumba yako ikiharibika kwa kosa lao, kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria za kiraia kinamlazimu aliyeharibu alipe. Ndiyo maana ushauri wa fundi kuhusu picha ni wa thamani kubwa.

Kijana_Katindo
Mama, kwa heshima. Sisi vijana tunapanga vyumba kwa bei inayotuua. Mji umebanwa na volkano, ziwa na mpaka, tujenge wapi kama si juu?

MshonajiWaHimbi
Mwanangu, nina watoto wa umri wako, nao wanapanga. Sikatai waje kukaa. Nataka mtu aniambie choo cha etaje nane kinaishia wapi kwenye mwamba wenye nyufa, wakati mji hauna mabomba ya maji machafu na maji tunayovuta ni ya ziwa hilihili la hapo chini. Akinionyesha kwenye karatasi, nitakuwa wa kwanza kumsikiliza.

Fundi, Avoka, Mungu awabariki. Daftari nimeliona: juu ya majina yetu hapakuandikwa kitu, ni tarehe tu. Nimeomba nakala. Plasta nimepaka asubuhi, vipande vitatu, imeshakauka na tarehe nimeandika. Barua tunaiandika leo kwangu saa kumi na moja jioni, na majirani sita wamesema wanakuja. Wa avenyu yetu mnaosoma hapa, njooni na kadi za uchaguzi, tuandike majina kama yalivyo kwenye kadi.