Chanjo ya malaria ilijaribiwa Bagamoyo: je, tungestahili kutangulizwa?

Mwana wa Dunda: Chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wa Bagamoyo na Korogwe katika jaribio kubwa lililoanza mwaka 2009, lakini ilipoanza kutolewa katika kliniki za kawaida mwaka 2019, zilizopewa ni Malawi, Ghana na Kenya. Waliotoa damu ya watoto wao walistahili kutangulizwa, hasa kwa kuwa nusu ya watoto hao, kama nilivyosikia, walichomwa maji matupu.

Mkunga Mstaafu: Mwanangu, hakuna aliyechomwa maji. Mafungu yalikuwa matatu, na katika watoto wa miezi 5 hadi 17, fungu la kulinganishia lilipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili nao wapate kinga fulani huku mzazi asijue mwanawe yumo fungu gani.

Kaole Juu: Shikamoo, mama. Kichaa cha mbwa? Watoto wetu na mbwa wapi na wapi? Na huyo mzazi aliyetia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa alielezwa hayo, au alisomewa mbiombio foleni ikiwa imefika mlangoni?

Mkunga Mstaafu: Marahaba. Kanuni inataka asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti. Akina mama hao walikuwa wakiuliza maswali kuliko wewe, na sipendi wafanywe mabumbumbu na mtu ambaye hata kliniki hajawahi kumpeleka mtoto.

Kaole Juu: Nimewapeleka watatu, mama.

Mpwa wa Magomeni: Turudi kwenye hoja. Ghana, Kenya na Malawi nazo zilikuwa miongoni mwa nchi 7 za jaribio lile, kwa hiyo hatukurukwa na wageni. Tena chanjo yenyewe, hata kwa dozi 4, ilipunguza malaria kwa takriban asilimia 36 tu.

Kaole Juu: Hoja yangu ni mbwa. Mwanangu aliumwa mguuni karibu na soko, na zahanati ikatuambia chanjo hiyohiyo imekwisha, tukanunue. Inakuwaje ipatikane kwa mtoto wa utafiti ambaye hajaumwa, halafu ikosekane kwa aliyeumwa?

Mkunga Mstaafu: Ya utafiti huletwa na mwenye utafiti, ya zahanati huagizwa na Serikali, na hapo sikupingi. Jeraha mliliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15?

Mwana wa Dunda: Jamani, mimi niliuliza habari ya malaria.

Kaole Juu: Tuliosha kwa maji ya ndoo, mama. Yanatosha?