Mrejesho: ruta yangu ya Moshi na haki ya kubadili programu yake

Ndugu zangu, niliuliza kama mtengenezaji wa ruta niliyonunua hapa Moshi, inayoendeshwa na Linux (mfumo endeshi huria), analazimika kunipa msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya programu ambayo mtu anaweza kuyasoma na kuyabadili. Analazimika: GPL, leseni ambayo Linux hutolewa chini yake, toleo la 2 la mwaka 1991, humtaka anayeuza kifaa autoe pamoja nacho, au aambatishe ahadi ya maandishi inayodumu angalau miaka 3. Barua pepe yangu ya pili, iliyonukuu kifungu cha 3, ndiyo iliyouleta. Hata hivyo, ruta inakataa programu isiyo na saini ya kiwandani, kizuizi ambacho toleo la 3 la GPL la mwaka 2007 lilikusudia kukiondoa, ila kiini cha Linux kimebaki kwenye toleo la 2. Inaniuma, maana kifaa nilikilipia mwenyewe. Nimenunua nyingine inayokubali OpenWrt, programu huria ya ruta ambayo mwenye kifaa anaweza kuiweka mwenyewe.