Saratani ya ulimi inaweza kupanda hadi kwenye ubongo?

Wadau, naombeni msaada. Mzee wangu ana miaka 67, tuko Kibosho. Mwaka jana alikatwa kipande cha ulimi pamoja na matezi ya shingo, kisha akapigwa mionzi wiki sita pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Alirudi amekonda, lakini mtori anakula na migomba yake anapalilia. Ugoro ameacha kabisa.

Sasa ni wiki ya pili kichwa kinamuuma, zaidi alfajiri, na anatapika. Jumapili nilimpa chai. Kikombe kikainama polepole katika mkono wake wa kulia, chai ikamwagikia blanketi, naye anakitazama tu kama mkono si wake. Zahanati walipima presha, 130 kwa 80, wakatupa panadol. Shangazi anasema ni uchovu wa mionzi. Mimi moyo umekataa.

Nesi wa Majengo: Pole sana mdogo wangu. Inawezekana, ingawa ni nadra mno. Saratani ya kinywa huanza na matezi ya shingo. Ikivuka hapo hukimbilia mapafu, au mifupa na ini. Ubongoni huifikisha damu, kwa wachache sana. Ila kiharusi nacho hulegeza mkono, hata presha ikiwa nzuri. Mpelekeni hospitali ya KCMC, Moshi, leo hii, msingoje Jumatatu. Bebeni karatasi za upasuaji na za mionzi, na neno la kwanza kwa daktari liwe saratani ya ulimi, ndipo mengine.

Binti Mrombo: Mama yangu yake ilikuwa ya titi, ikapanda kichwani. Degedege lilimshika usiku. Likimshika mzee, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Sisi tulimtia, jino likavunjika.

Muuliza swali: Nimerudi. Picha ya kichwa ya CT imeonyesha uvimbe mmoja, ubongo upande wa kushoto. Daktari alituchorea kwenye karatasi: kushoto ndiko kunakoendesha mkono wa kulia. Wanasema umetoka kwenye ulimi. Ameanzishiwa dawa ya dexamethasone, na wametueleza bila kutuficha kwamba inapunguza maji yaliyouzunguka uvimbe, wenyewe bado upo. Mionzi ya kichwa wanaijadili.

Leo siku ya tatu kichwa kimetulia. Ameshika kijiko kwa mkono wa kulia, akala mtori nusu bakuli, akaniuliza nani ameiwekea migomba miti ya kuegemea.