Chopsi za kitimoto kwenye flampeni zinatoka ngumu na zinajikunja, nakosea wapi?

Jiko_la_Sae

Wakuu, habari za jioni.

Jumapili nina watu sita mezani, wawili ni watoto. Nataka chopsi za kitimoto (nyama ya nguruwe) za flampeni, siyo rosti wala zile za kukatakata. Nyama nachukua soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, asubuhi hiyohiyo. Inakatwa kwa shoka kwenye gogo, unene kama sentimita moja, na ngozi yake. Nachemsha na tangawizi na ndimu dakika 40, halafu nakaanga. Ladha ipo, lakini nyama inakuwa kavu, ya kuvutana nayo kwa meno, na kila kipande kinajikunja kama kibakuli. Nikipunguza kuchemsha naogopa tegu.

Jiko ni la gesi, mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko juu yake. Flampeni ninazo mbili, moja nyepesi ya alumini na nyingine ya chuma kizito. Shida ni nyama, jiko au mpishi?

Kisu_na_Gogo

Shida inaanzia buchani, dada. Omba kipande kizima cha mgongo, upande wenye mbavu, kabla shoka halijakigusa. Mwambie muuzaji apitishe kisu kati ya ubavu na ubavu mpaka kigonge uti wa mgongo, halafu shoka au msumeno umalizie mfupa tu. Ukifuata ubavu kwa ubavu unapata chopsi za sentimita 2.5 hadi 3, kila moja na mfupa wake. Sita zinakuja kama kilo moja na nusu. Shoka likishukia nyama yenyewe linaacha upande mmoja mnene na mwingine kama karatasi, na huo mwembamba unakauka wakati mnene bado mbichi. Tena linamwaga vipande vya mfupa, na umesema kuna watoto.

Sentimita moja ni nyembamba mno kwa kazi hii. Kabla nje haijapata rangi, ndani imeshapita kiwango.

Kujikunja ni kwa sababu ya ngozi. Ikipata moto inajivuta kuliko nyama, na nyama inafuata. Itoe yote (itafaa kwenye supu au maharage, usitupe), acha mafuta ya pembeni unene wa nusu sentimita. Halafu chanja hayo mafuta kila baada ya sentimita 2, kisu kifike mpaka kwenye ule utando mweupe kati ya mafuta na nyama. Utando ukikatika, chopsi inalala chali bila ubishi.

Lingine ambalo wengi hawalisemi: nguruwe aliyechinjwa alfajiri, ukimpika mchana, misuli imekakamaa. Hiyo hata umpike vipi ina ugumu wake. Inataka kama saa 24 kwenye friji ndipo ilegee. Kwa hiyo nunua Jumamosi. Na baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita siyo friji, usiniachie nyama dirishani.

Kihesa_Mapishi

Kamwene. Naongezea upande wa jiko.

Nyama ya mgongo haina nyuzi ngumu za kulainishwa kwa kuchemsha. Bega na mguu ndizo zenye gegedu na mishipa inayotaka saa moja na nusu ya mchuzi. Mgongo ni laini tangu ulivyozaliwa, kinachouharibu ni kupoteza maji tu. Joto la ndani likivuka nyuzi 75 hivi, nyama inajikamua yenyewe kama kitambaa. Dakika 40 za kuchemsha zinaipeleka mbali kupita hapo, kisha unairudisha kwenye mafuta ikauke mara ya pili.

Jumamosi jioni: chumvi laini vijiko vya chai viwili na nusu kwa kilo moja na nusu, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, paka pande zote, weka kwenye friji bila kufunika. Mwanzoni chumvi inavuta maji juu ya nyama, utaona vitone. Baadaye yanarudi ndani pamoja na chumvi, na nyama inashika unyevu vizuri zaidi jikoni. Ndiyo maana kutia chumvi robo saa kabla ya kukaanga ni kosa, unakuta maji yote yako juu na nyama inachemka badala ya kupata rangi. Ama usiku mzima, ama sekunde ya mwisho.

Ukichelewa, loweka: maji baridi lita 2, chumvi vijiko vya chakula 6 vya kufuta, sukari vijiko 2, saa moja hadi mbili ndani ya friji. Toa, futa, na usiongeze chumvi tena.

Jumapili toa nyama nje nusu saa kabla. Ikaushe kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisilowe tena. Tumia flampeni ya chuma. Ile nyepesi, kwa jiko la mtungi mdogo, inapata moto katikati tu, unakuta doa jeusi kati na pembeni pamepauka. Hata ya chuma ipashe moto wa wastani dakika 4 au 5, ukiizungusha, joto lienee.

Mafuta ya alizeti vijiko vya chakula viwili. Yakianza kutembea kama maji, weka chopsi tatu, siyo sita. Zikibanana joto linashuka, maji yanatoka, na ule mlio wa kukaanga unageuka kuwa mlio wa kuchemka. Utausikia. Kwanza zisimamishe kwa upande wa mafuta, ukizishika na koleo, dakika moja na nusu. Mafuta yanayeyuka na kuwa ya dhahabu. Kisha zilaze dakika 3 bila kuzigusa. Zikiwa tayari zinaachia zenyewe, zikiganda bado. Geuza, dakika 3 tena.

Hapo shusha moto uwe mdogo, funika, zipe dakika 4 hadi 6 zaidi, ukizigeuza mara moja katikati. Mwenye jiko la mkaa afunge kimlango cha chini na kuondoa nusu ya makaa, maana mkaa haupungui kwa amri. Toa nyama joto la ndani likifika nyuzi 68, iweke kwenye sahani ya moto, funika. Baada ya dakika 5 itakuwa imejipandisha hadi 71.

Bwana_Shamba_Tukuyu

Mnahangaika bure. Papai bichi, lisage na maji yake, paka saa tatu, nyama inalainika hata iwe ya beberu.

Kihesa_Mapishi

Inalainika ndiyo, mkuu, ila saa tatu kwenye chopsi utatoa nyama ya unga. Utomvu wa papai unakula juu juu tu, unaacha uso kama uji na katikati vilevile. Kama lazima, dakika 20 na uoshe. Ndimu nayo ni hivyo hivyo, ikikaa muda mrefu inaivisha uso kabla ya moto na kuufanya wa kijivu. Kamulia mezani.

Mkaguzi_Mstaafu

Kuhusu tegu, maana ndiyo hofu inayofanya watu wakaushe nyama. Hofu ina msingi. Mikoa yetu ina nguruwe wengi wanaofugwa huria, na tegu wa nguruwe wapo, utafiti umeshafanyika Mbozi na kwingineko.

Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Kisha iangalie mwenyewe kwenye mwanga. Malengelenge ya tegu ni meupe, yana maji, ukubwa wa punje ya mchele hadi ya harage dogo, yamejipanga kufuata nyuzi za nyama. Ukiona hata moja, usinunue, na usikubali kukatiwa "upande mwingine". Kutoyaona hakutoshi kukuhakikishia nyama ni salama. Joto ndilo linalomaliza kazi.

Vijidudu hivyo vinakufa joto la ndani likipita nyuzi 60. Marekani mwaka 2011 walishusha kiwango cha vipande vya nguruwe hadi nyuzi 63 na kupumzisha dakika 3, lakini hao wanapika nguruwe wa mabanda yaliyofungwa. Hapa kwetu shikilia 71. Iko salama kwa nafasi ya kutosha na bado ina majimaji, siyo kavu. Hakuna sababu ya kwenda 90. Friza nayo inasaidia: nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku zisizopungua 10.

Jambo moja linalochanganywa: nyama isiyoiva inakupa tegu wa tumboni. Ule ugonjwa wa kichwani unaoleta kifafa unatokana na kumeza mayai ya tegu, yaani kinyesi cha mtu mwenye tegu kikifika kwenye mikono, maji au mboga. Kwa hiyo mikono na kachumbari vioshwe kwa bidii ileile unayochunga nyama.

Jiko_la_Sae

Asanteni sana, wakubwa zangu. Kipimajoto cha nyama ninacho ila nilikiacha, kwa sababu nilikitumbukiza kwenye maji yanayotokota kikasoma 94. Nikasema kibovu. Na bila hicho nitajuaje?

Mkaguzi_Mstaafu

Kizima hicho, mama! Upo karibu mita 1,700 juu ya bahari. Maji ya Mbeya yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi, Njombe hata chini ya hapo. Cha kukipima ni barafu: jaza glasi barafu iliyopondwa, tia maji kidogo, koroga, subiri dakika 2. Kikisoma 0 au 1 kitumie.

Kichomeke kwa ubavuni, siyo kwa juu, ncha ifike katikati ya nyama na isiguse mfupa. Mfupa unadanganya. Pima kila chopsi, hasa ile iliyokuwa pembeni ya flampeni.

Bila kipimajoto, choma kisu karibu na mfupa, ndiko kunakochelewa. Maji yanayotoka yawe meupe kabisa, hata tone la pinki lisiwepo. Ikiwa una shaka, rudisha ukiwa umefunika, dakika 2. Rangi ya nyama peke yake usiiamini.

Kihesa_Mapishi

Na hiyo 94 ndiyo sababu maharage yanachelewa kuiva na kukumalizia gesi. Kwa chopsi haina neno, mafuta hayajali mlima.

Mchuzi sasa. Usioshe flampeni. Mwaga mafuta, bakiza kijiko kimoja, tia kitunguu kimoja kikubwa kilichokatwa nyembamba, moto wa wastani dakika 5. Kisha vitunguu saumu punje 3 na tangawizi kipande cha kidole, nusu dakika tu. Ukivitia mapema pamoja na nyama vinaungua na mchuzi wote unakuwa mchungu. Nyanya mbili zilizosagwa, maji nusu kikombe, kwangua ule ukoko wa kahawia chini kwa mwiko wa mbao. Ukiwa mweusi badala ya kahawia, osha flampeni na uanze upya, hauokoleki. Acha upungue nusu, mimina na maji yaliyovuja kwenye sahani ya nyama, siagi kijiko kimoja, zima. Chopsi zirudi ndani kwa dakika moja, zisipikwe tena humo.

Zile tatu za kwanza zitasubiri kama dakika 15, hivyo zifunike juu ya sufuria ya wali. Mchele wa Kyela, na viazi kwa asiyekula wali.

Jiko_la_Sae

Ndaga fijo. Jumamosi saa tatu niko buchani, na huyo wa shoka nitamsimamia mwenyewe.

Kisu_na_Gogo

Saa tatu utakuta mgongo umeshaisha. Nenda saa moja na nusu.